Klasi zinasema hivi, hifadhidata inasema vile: kutatua migresheni za Django zinazogoma

Mifano yote hapa ni ya Django, zana ya Python ya kujengea programu za wavuti, juu ya hifadhidata ya PostgreSQL. SQLite na MySQL zitatajwa pale zinapokwenda njia yao. Tuchukue mfumo wa SACCOS wenye app iitwayo `mikopo`, na ndani yake klasi `Mwanachama`, `Mkopo` na `Rejesho`.

Kabla ya kugusa chochote, fahamu kwamba mahali pa kutazama ni patatu, si pawili. Kuna klasi kwenye `models.py`. Kuna mafaili ya migresheni, yaani maelekezo ya kubadilisha majedwali hatua kwa hatua, kwenye folda ya `migrations`. Halafu kuna hifadhidata, ambayo ndani yake Django huweka jedwali liitwalo `django_migrations` la kuandika migresheni ipi imeshapita. `makemigrations` hulinganisha klasi na mafaili. `migrate` hulinganisha mafaili na orodha iliyo kwenye `django_migrations`. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayokwenda kuangalia majedwali yenyewe yana safu (column) gani. Mtu akiingia kwa mkono akaongeza safu au akafuta jedwali, Django haitajua mpaka siku swali la SQL litakapogonga ukuta. Karibu kila dalili hapa chini inatokana na mojawapo ya hao watatu kuachana na wenzake, na kazi yako ya kwanza ni kujua ni yupi.

```
python manage.py showmigrations mikopo
python manage.py makemigrations --check --dry-run
python manage.py dbshell
\d mikopo_mkopo
```

Amri ya kwanza inaonyesha kilichoandikwa kuwa kimepita. Ya pili inasema kama klasi zimeyatangulia mafaili. Mbili za mwisho zinakuonyesha jedwali lenyewe lilivyo. Ni dakika moja tu ya kazi, na hakuna kinachobadilika.

## `No changes detected`, ilhali klasi umeibadilisha

Mara nyingi app haimo kwenye `INSTALLED_APPS`. Ikiwa imo, angalia kama ina folda `migrations` yenye `__init__.py`, kwa sababu `makemigrations` bila jina huiruka app isiyo na folda hiyo. Itaje kwa jina: `python manage.py makemigrations mikopo`. Kama umegawanya `models.py` ukapata folda ya `models/` yenye mafaili kadhaa, hakikisha kila klasi imeingizwa kwenye `models/__init__.py`. Faili lisiloingizwa popote, kwa Django halipo.

Hayo yakiwa sawa, soma mstari wa fildi herufi kwa herufi:

```
riba = models.DecimalField(max_digits=5, decimal_places=2),
muda: models.PositiveIntegerField()
```

Wa kwanza una mkato mwishoni, hivyo `riba` imekuwa `tuple`, si fildi. Wa pili una nukta mbili mahali pa alama ya usawa, kwa hiyo hakuna thamani yoyote iliyowekwa. Python haioni kosa katika yote mawili.

Sababu ya mwisho, ambayo huwapata waliorithi hifadhidata ya zamani kupitia `inspectdb`: klasi zinazotoka huko huwa na `managed = False`. Umeiambia Django isiliguse jedwali hilo, nayo imetii.

## `no such table` au `column mikopo_mkopo.riba does not exist`

Anza na jambo dogo kabisa: `migrate` haijaendeshwa kwenye mashine hiyo. `showmigrations` itaonyesha kisanduku kitupu `[ ]`.

Kama visanduku vyote vina `[X]`, shuku kwamba umeunganishwa na hifadhidata nyingine. Kwenye SQLite hili ni la kila siku: jina la faili likiandikwa bila njia kamili, kila folda unayoendeshea amri inapata faili lake, na SQLite haikuulizi kitu, inaunda faili tupu. Kwenye PostgreSQL ingia `dbshell` kisha andika `\conninfo`. Linganisha jina la hifadhidata na lile lililo kwenye mazingira ya programu inayolalamika. Utashangaa mara ngapi mchakato wa wavuti na ule wa kazi za nyuma huwa vinasoma mipangilio miwili tofauti.

Kosa likitokea mara tu baada ya kupandisha toleo jipya, tatizo ni mpangilio wa hatua. Safu inayoongezwa hutangulia msimbo. Safu inayoondolewa hufuata baada ya msimbo ulioacha kuitumia. Celery, inayoendesha kazi za nyuma, nayo inahitaji kuwashwa upya, la sivyo itaendelea na klasi za jana.

Kuna namna moja inayochanganya: kosa la `no such table` linatokea ukiendesha `makemigrations` au `migrate` yenyewe. Hapo kuna msimbo unaouliza hifadhidata wakati wa kupakia faili, mathalani fomu yenye `choices=[(t.id, t.jina) for t in Tawi.objects.all()]` kwenye mwili wa klasi. Tumia `ModelChoiceField`, au hamishia orodha hiyo ndani ya `__init__` ya fomu.

Ikibaki kwamba `[X]` ipo, hifadhidata ni yenyewe, na jedwali halipo, basi mtu alitumia `--fake`, inayoandika kwamba migresheni imepita bila kuiendesha, au alifuta kwa mkono. Tuseme migresheni hiyo ni `0004`. Kwenye mashine yako ya maendeleo rudisha kumbukumbu nyuma kisha pitisha tena:

```
python manage.py migrate mikopo 0003 --fake
python manage.py migrate mikopo
```

Kama `0004` ina hatua kadhaa na baadhi zipo tayari, utapokea kosa la kinyume, la kitu kuwepo. Hapo toa SQL kwa `sqlmigrate mikopo 0004` na uendeshe mistari inayokosekana peke yake.

Simama hapa ikiwa hali hii iko kwenye mfumo ulio hewani. Jedwali lililotoweka bila maelezo ni suala la kurejesha bekapu, na anayepaswa kuamua ni msimamizi wa hifadhidata. Kulitengeneza jedwali upya likiwa tupu kunafanya makosa yanyamaze kwenye skrini huku taarifa za wanachama zikiwa hazipo.

## `relation "mikopo_mkopo" already exists`

Kisa kikubwa ni bekapu iliyorejeshwa ikiwa na majedwali lakini bila `django_migrations`, au mtu aliyefuta mafaili ya migresheni ili "aanze upya" na kuiacha hifadhidata kama ilivyo. Kama ni migresheni ya kwanza ya app, `migrate --fake-initial` inatosha: hukagua kama majedwali ya majina hayo yapo, kisha huandika kwamba imepita. Lakini hukagua kuwepo kwa majina tu, haichunguzi kama aina za safu zinalingana na klasi. Kazi hiyo ni yako na `\d`.

Kwa migresheni za baadaye tumia `--fake` kwa moja iliyotajwa kwa namba, baada ya kusoma SQL yake na kujiridhisha kwamba kila mstari umeshatendeka. `--fake` bila namba ni kusaini hundi bila kuandika kiasi.

Kwenye MySQL kuna sababu ya ziada. PostgreSQL na SQLite huziweka hatua za migresheni ndani ya muamala mmoja, na ikishindikana katikati yote yanarudi. MySQL haina hilo kwa amri za kubadilisha majedwali. Hatua ya tatu ikianguka, ya kwanza na ya pili zimebaki, na `django_migrations` haina habari. Ukijaribu tena, hatua ya kwanza inagonga kitu chake yenyewe.

## `It is impossible to add a non-nullable field`

Umeongeza `simu = models.CharField(max_length=15)` kwa `Mwanachama`, jedwali lina rekodi tayari, na Django inauliza rekodi hizo zipate nini. Wengi huchagua 1 na kuandika alama mbili za nukuu zisizo na kitu. Kwa maelezo ya hiari ni sawa. Kwa namba ya simu ambayo mfumo utatumia kutuma ujumbe, umejaza jedwali thamani tupu zinazopita kila ukaguzi.

Ikiwa fildi ina `unique=True`, jibu moja kwa wote litaleta `could not create unique index`. Hata `default=uuid.uuid4` haikuokoi, kwa kuwa wakati wa kuongeza safu Django huiita mara moja tu na kuwapa wote matokeo yaleyale. Njia ni mafaili matatu: la kwanza linaongeza fildi kwa `null=True` bila upekee, la pili linajaza kwa `RunPython` (hatua ya migresheni inayoendesha msimbo wa Python), la tatu linaondoa `null` na kuweka `unique`. Ukiruka la katikati utaona `contains null values`. Ukilichanganya na la tatu kwenye faili moja, PostgreSQL inaweza kukujibu `cannot ALTER TABLE because it has pending trigger events`, maana ukaguzi wa funguo za kigeni (foreign keys) bado unasubiri mwisho wa muamala. Kubadilisha data na kubadilisha jedwali visilale kwenye faili moja.

Dalili ya ndugu yake huja wiki kadhaa baadaye: programu nyingine, labda hati ya PHP inayopokea malipo ya simu, inaandika moja kwa moja kwenye jedwali na kupata `null value in column "hali" violates not-null constraint`, ingawa klasi inasema `default="mpya"`. `default` ya Django inaishi kwenye Python, hifadhidata haiijui. Tangu Django 5.0 kuna `db_default`, ambayo huandikwa kwenye jedwali lenyewe. Kwa matoleo ya nyuma, weka `ALTER TABLE ... SET DEFAULT` ndani ya `RunSQL`.

## Umebadilisha jina la fildi, na data haipo

Hii ndiyo inayouma kuliko zote, na ndiyo isiyotoa kosa lolote. Umegeuza `kiasi` kuwa `kiasi_cha_mkopo`. Django haiwezi kujua kama umebadilisha jina au umefuta moja na kuongeza nyingine, kwa hiyo inauliza. Ukijibu `N`, ambalo pia ndilo jibu la kubonyeza tu Enter, faili litakuwa na `RemoveField` na `AddField`. Ukitumia `--noinput`, huulizwi kabisa. Na ukibadilisha jina pamoja na aina kwa pigo moja, swali halitokei, kwa sababu Django hutambua kubadilishwa jina pale tu maelezo mengine yote ya fildi yanapofanana.

Ukaguzi ni rahisi na unafanyika kabla: fungua faili la migresheni. Ukiona `RemoveField` ambayo hukuikusudia, lifute faili, badilisha jina kwanza, tengeneza migresheni, halafu ndipo ubadilishe aina. Au andika `migrations.RenameField` kwa mkono wako. Kama sababu ya kutaka jina jipya ni usomaji wa msimbo tu, `db_column="kiasi"` inaiacha safu ilivyo.

Ikiwa imeshapita kwenye mfumo ulio hewani, simamisha uandishi wote sasa hivi. Usiendeshe migresheni ya kurudi nyuma. Itarudisha safu, lakini haitarudisha kilichokuwamo. Usiendelee kupokea marejesho huku ukitafuta suluhisho. Mwite anayeshika bekapu, mwambie saa na dakika `migrate` ilipoendeshwa. Kama WAL za PostgreSQL, yaani kumbukumbu za kila badiliko, zinahifadhiwa, anaweza kuirejesha hifadhidata pembeni hadi muda kabla ya hapo na kuchukua safu moja.

## `invalid input syntax for type numeric: "15,000/="`

Fildi ilianza kama `CharField`, makarani wakaandika pesa kama wanavyoandika kwenye risiti, na sasa unataka `DecimalField`. PostgreSQL inakataa, na inafanya vyema. Ongeza fildi mpya, safisha kwa `RunPython` ukiondoa mikato na `/=`, hesabu zilizoshindikana, kisha uondoe ya zamani katika toleo linalofuata. Zile zilizoshindikana zipelekwe kwa mhasibu. Si kazi ya mwandishi wa programu kukisia kama "15.000" ni shilingi kumi na tano au elfu kumi na tano.

SQLite haitakuonyesha tatizo hili, kwa kuwa inakubali karibu chochote kwenye safu yoyote, na haijali urefu wa `varchar` hata kidogo. Ndiyo maana kuhamia PostgreSQL hufuatwa na `value too long for type character varying(20)`. Endelezea kwenye hifadhidata ileile utakayotumia hewani.

## Migresheni zinagombana

`Conflicting migrations detected` maana yake watu wawili wametengeneza `0005` kwenye matawi mawili ya Git. Soma yote mawili. Kama hayagusi fildi moja, `makemigrations --merge` inamaliza. Kama yanagusa, zungumzeni kwanza.

`NodeNotFoundError` ni faili linalokosekana. Tazama `.gitignore`, maana wapo wanaoiweka folda ya `migrations` humo. Ikiwa jina linalotajwa ni la app ya mtu mwingine uliyoisakinisha, pengine mmoja wenu aliendesha `makemigrations` bila jina la app baada ya kubadilisha `DEFAULT_AUTO_FIELD`, mpangilio uliokuja na Django 3.2. Faili liliandikwa ndani ya mazingira pepe ya mashine yake, migresheni zenu zikalitegemea, na kwenye seva halipo.

`InconsistentMigrationHistory` inayomtaja `admin.0001_initial` karibu kila mara ni `AUTH_USER_MODEL` iliyobadilishwa baada ya `migrate` ya kwanza. Kama hifadhidata haina data ya maana, ifute na uanze. Kama ina watumiaji halisi, usijaribu peke yako. Kuhamisha watumiaji pamoja na funguo zote za kigeni zinazowaelekea kunahitaji mtu aliyewahi kufanya, na mazoezi kwenye nakala.

## Kila ukiendesha `makemigrations` linatokea faili jipya

Tafuta mabano: `default=timezone.now()` hutoa saa mpya kila mara, `default=timezone.now` haitoi. Baada ya hapo angalia `choices` iliyojengwa kutoka `set`, ambayo mpangilio wake haudumu.

## Kumezuka majedwali na safu ambazo hukuziandika

Mara nyingine si kosa. `ManyToManyField` lazima iwe na jedwali la katikati, na ufunguo wa kigeni `mwanachama` huwa safu `mwanachama_id`. Lakini ukiona jedwali `mikopo_msingi` na safu `msingi_ptr_id` kila mahali, umesahau `abstract = True` kwenye `Meta` ya klasi mama. Django imeelewa kwamba klasi mama nayo ni jedwali, na kila usomaji wa `Mkopo` sasa unaunganisha majedwali mawili. Ukigundua mapema, rekebisha na utengeneze migresheni upya. Ukigundua baada ya mwaka, funguo za msingi za watoto ndizo hizo `_ptr_id`, na kutoka humo ni mradi kamili.

## `permission denied for schema public`

PostgreSQL 15 iliondoa ruhusa ya kila mtumiaji kuunda vitu kwenye skima ya `public`. `GRANT ALL ON DATABASE` haisaidii, ingawa mafunzo mengi ya zamani yanaitaja. Mfanye mtumiaji wa programu kuwa mmiliki: `ALTER DATABASE sacco OWNER TO sacco_app;`. Kosa la `must be owner of table` ni tofauti: majedwali yalirejeshwa na mtumiaji `postgres`, na umiliki wa kila jedwali unahitaji kubadilishwa.

## `migrate` imekwama, haisongi wala haianguki

Inasubiri kufuli (lock) la jedwali lililoshikwa na mwingine. `ALTER TABLE` nyingi huhitaji jedwali zima, na ikiwa foleni, hata wasomaji wanaokuja nyuma yake husubiri. Kwa hiyo tovuti nzima inaweza kuganda kwa ajili ya amri ambayo bado haijaanza. Kwenye dirisha jingine:

```
SELECT pid, pg_blocking_pids(pid), query
FROM pg_stat_activity
WHERE cardinality(pg_blocking_pids(pid)) > 0;
```

Mara nyingi mzuiaji ni muunganisho ulio `idle in transaction`, kama `shell` ya mtu aliyekwenda kula chakula cha mchana. Sitisha `migrate` yako kwanza kwa Ctrl+C ili foleni ifunguke, halafu umtafute mwenye muunganisho huo. Mara ijayo iendeshe hivi, ishindwe haraka badala ya kugandisha wengine:

```
PGOPTIONS="-c lock_timeout=5s" python manage.py migrate
```

Kama kinachochukua muda ni faharasa (index) kwenye jedwali kubwa, Django ina `AddIndexConcurrently` ndani ya `django.contrib.postgres.operations`; migresheni yake lazima iwe na `atomic = False`, na ikianguka huacha faharasa batili ya kufutwa kwa mkono.

Usitumie `pg_terminate_backend` kwa `pid` usiyoijua ni ya nani. Inaweza kuwa bekapu, au kazi ya kufunga mwezi ya wahasibu. Kama huna njia ya kujua, hapo ndipo pa kumpigia simu msimamizi wa hifadhidata, hata kama ni usiku.